Walidhani Anatania

Aibu ya Benedikta ilianza na kicheko. Si kwamba alichekwa, la! Alicheka yeye mwenyewe, tena kwa sauti, mbele ya mwanamume aliyempenda kuliko mtu yeyote pale Tabora.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwao Gongoni. Baba yake, mzee Anton Limbu, alikuwa katekista wa parokia tangu ujana wake, mtu mrefu, mpole, ambaye hata akigombeza alionekana kama anaomba radhi. Mkewe alifariki zamani, na Benedikta alilelewa na shangazi yake Kabula, dada wa mzee, mama mnene mchangamfu ambaye Mungu alimnyima kitu kimoja tu, kunong'ona. Siku hizo Wakristo ndiyo kwanza walikuwa wameanza kusali katika jumuiya, nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa imefika kwa Limbu. Mzee akaona aunganishe mambo, jumuiya isali, na papo hapo wamwone kijana aliyeleta habari za kutaka kumwoa binti yake.

Kijana mwenyewe aliitwa Nikolaus. Alikuwa Mluguru wa milimani Morogoro, fundi wa simu za reli, mwembamba, mwenye macho ya kutulia juu ya mtu mpaka mtu akajiona ana thamani. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo, na nguzo zilimla suruali. Ndivyo walivyojuana. Alipeleka suruali iliyotoboka magotini katika duka la Champaklal, ambako Benedikta alikuwa mshonaji, akairudisha tena baada ya muda mfupi, akairudisha tena, mpaka siku moja binti akamuuliza, "Kaka, unapanda nguzo au unazitambalia?" Naye akajibu, "Napanda. Ila nikikumbuka nani atashona, nateleza makusudi." Basi, mambo yakaanzia hapo.

Sasa Nikolaus alikuwa amekaa mkekani kwa mzee Limbu, kiraka cha Benedikta kikionekana kwenye kila goti, na mzee Mahona, mwenyekiti wa jumuiya, akavitazama viraka vile akasema kwa kuridhika, "Huyu ni mtu wa sala. Tazameni magoti."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Benedikta akainamia sinia lake la karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kuficha uso.

Maana yeye alijua. Nikolaus alimwambia mapema, kabla hajamshika hata mkono, siku waliyotembea pamoja kwenye ile njia ya zamani ya misafara iendayo Kwihara. Alimwambia bila kuzungusha maneno kwamba alisoma seminari miaka mingi, kwamba Biblia aliisoma yote na kuirudia, na kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Benedikta alilia siku ile hadi kamasi. Kisha akafuta uso, akagundua kwamba bado anampenda, akamwomba jambo moja tu, asiseme kwao.

"Sitasema," Nikolaus alimjibu. "Lakini Bene, mtu akiniuliza uso kwa uso, sitamdanganya."

"Hawatakuuliza," alisema Benedikta. Na kweli, nani Gongoni angemuuliza mtu swali la namna hiyo?

Somo la siku ile lilikuwa la Ruthu. Mzee Limbu alilisoma kwa sauti yake ya upole, kisha akawatazama wale wapenzi wawili, macho yakamlegea kwa furaha ya mzazi.

"Mnasikia maneno hayo, wanangu? Huyu mwanamke anamwambia mumewe, nitakwenda uendako, nitalala utakapolala. Ndivyo mke anavyotakiwa."

Nikolaus alikohoa kidogo. Benedikta akamkanyaga mguu, lakini wapi.

"Samahani, mzee wangu. Nadhani hakumwambia mumewe. Mume alishakufa. Ruthu alikuwa anamwambia mama mkwe, Naomi. Naomi ndiye aliyekuwa anamfukuza arudi kwao, maana hakuwa tena na mtoto wa kumpa amwoe. Yule binti hakuwa na faida yoyote ya kumfuata. Ndiyo maana maneno yale yana uzito, aliyasema mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupata."

Mzee Limbu alirudi kwenye kitabu, akafuata mistari kwa kidole, kisha akainua uso unaong'aa.

"Haki ya Mungu! Nimelifundisha hivyo tangu sijaota mvi! Kijana, umenitoa tongotongo."

Mtu mwingine angenuna, lakini Limbu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mzee Mahona akasogea mbele kwenye kigoda chake.

"Sasa wewe kijana, unayajua Maandiko kutushinda sisi wote, halafu mbona kanisani hatukuoni? Tueleze. Una nini?"

Swali hilo! Uso kwa uso, mbele za watu. Benedikta alimwona Nikolaus akimtazama yeye mara moja, kama mtu anayeomba msamaha, kisha akamgeukia Mahona.

"Mzee, mimi siamini kwamba Mungu yupo."

Jamani. Hata kuku aliyekuwa mlangoni alisimama. Mama mmoja akashika rozari yake. Mzee Limbu alibaki na mdomo nusu wazi, kitabu mapajani. Na hapo shangazi Kabula akapasuka kicheko, akapiga makofi, akajipiga mapaja.

"Mluguru huyu! Mluguru huyu atatuua! Jamani, amekuja kwa wakweze na kutania anatania! Mtani wangu, una kichaa wewe!"

Ikumbukwe kwamba Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipopita kwao na mizigo vichwani wakielekea pwani. Mtani anaweza kuingia msibani akamsema marehemu, anaweza kukuchukulia jogoo wako mchana kweupe, na ukinuna mwenye makosa ni wewe. Watu wakakumbuka hilo, pumzi zikawashuka, chumba kizima kikacheka. Mzee Mahona alicheka mpaka akapaliwa. Mzee Limbu alicheka akifuta machozi kwa kiganja.

Na Benedikta naye akacheka. Alicheka kuliko wote, kwa shukrani na woga, na katikati ya kicheko macho yake yakagongana na ya Nikolaus. Nikolaus hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yeye, akisubiri. Neno moja tu kutoka kwake Benedikta lingetosha. Benedikta akainama, akaanza kugawa karanga.

Nikolaus akapokea karanga.

*

Tangu siku ile akawa kipenzi cha Gongoni. Wakimwona anapita na baiskeli walimwita, "Mpagani wetu, karibu!" na kuangua kicheko. Mzee Limbu alimtembelea hadi kambi ya reli, akarudi akisema amepata mtoto wa kiume uzeeni. Padre akaambiwa. Ikapangwa kwamba Jumapili ifuatayo matangazo ya ndoa yaanze kusomwa kanisani, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze aseme. Na kabla ya hapo, mzee alisema, kijana aungame, akomunike, mambo yawe safi.

Jioni ya siku mipango hiyo ilipofanyika, jua bado liko juu ya miti, Nikolaus alimngoja Benedikta nje ya duka la Champaklal. Wakaenda kwenye njia yao ile ya Kwihara, baiskeli katikati yao.

"Ulicheka," alisema Nikolaus.

"Niko, walicheka wote."

"Sijali wote. Ulicheka wewe."

Benedikta alichuma jani, akalichana vipande vipande.

"Nivumilie kidogo tu," alisema hatimaye. "Tufunge ndoa kwanza. Ungama, ule komunyo, siku moja tu. Kwako si ni mkate tu? Kitu gani kitakudhuru?"

Nikolaus alisimamisha baiskeli.

"Kwangu ni mkate. Kwa baba yako si mkate. Najua ni nini kwake, Bene, nimefundishwa miaka mingi. Najua Paulo aliwaonya nini Wakorintho kuhusu mtu anayekula bila kustahili. Ningekuwa sijui, pengine ningekula. Yule mzee ananiita mwanangu. Nipige magoti mbele yake, niigize, huku yeye analia kwa furaha? Nitamtazamaje usoni?"

"Kwa hiyo utaniacha."

"Nani kasema kuacha?" alisema Nikolaus. "Nakupenda mpaka nakosa usingizi. Nimependa hata nguzo kwa sababu yako. Lakini siwezi kuingia kwenu kwa mlango wa uongo, halafu niishi humo. Nataka nimwambie mzee. Akinifukuza, nitarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka azoee sura yangu. Ila nisiwe peke yangu. Kaa karibu yangu tu, useme ulijua na ukanikubali hivyo hivyo. Utaweza?"

Alimtazama kwa yale macho. Ni msichana gani angekataa? Benedikta alimshika mkono wenye sugu za nguzo, akaukandamiza shavuni.

"Nitaweza," alisema. "Nakuapia."

Na wakati anasema, aliamini.

*

Jumamosi alasiri watu wa jumuiya walikuwa wamekuja kupanga mambo ya harusi, nani atapika, nani atatoa sufuria, sukari itapatikana wapi katika uhaba ule. Nikolaus aliingia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akasalimia kila mtu, akakaa. Benedikta alikaa upande wa pili, karibu na shangazi. Alikuwa amekusudia kukaa karibu na Nikolaus. Miguu ilimpeleka upande ule.

"Mzee," alianza Nikolaus, "siku ile sikutania."

"Siku ipi, mwanangu?"

"Siku ya Ruthu. Niliposema siamini."

Shangazi Kabula alifungua kinywa kucheka. Nikolaus akamgeukia kwa unyenyekevu.

"Shangazi, naomba leo uniondolee utani. Kwa leo tu."

Hakuna aliyewahi kusikia ombi kama hilo. Kabula akafunga kinywa, akashika shavu.

"Niliamini tangu mtoto," alisema Nikolaus. "Nilitaka kuwa padre, si kwa kusukumwa. Nikasoma, nikasali. Kisha siku moja nimepiga magoti nikagundua nazungumza peke yangu. Nikangoja miaka. Sikuona tofauti. Sikumkasirikia mtu, wala hakuna aliyenikosea. Nikaondoka, maana sikutaka kuwahubiria watu jambo ambalo mimi mwenyewe silioni. Mzee, nampenda binti yako. Sitamzuia kusali, wala watoto sitawazuia. Lakini siwezi kuungama kwa uongo."

Basi hapo ndipo ungewaona watu! Wale wale waliomwita mpagani wetu wakavuta mikeka nyuma kana kwamba kuna moto.

"Shetani naye anayajua Maandiko," alisema mzee Mahona. "Alimnukulia Yesu jangwani! Nilisema mimi, mtu gani anajua hivyo!"

"Ana kimada huyo," alisema mama mwenye rozari. "Anatafuta kisingizio."

"Kwani nani alikufia, mwanangu?" aliuliza shangazi Kabula, taratibu kwa mara ya kwanza maishani. "Mtu hafiki hapo bila kufiwa."

"Hakuna, shangazi."

Mzee Limbu alikuwa amenyauka kwenye kiti. Aliyatazama magoti ya kijana, vile viraka, kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso upande wa pili.

"Benedikta. Ulijua?"

Chumba kizima kikamgeukia. Mzee Mahona, mama mwenye rozari, majirani waliomshika tangu mtoto mchanga. Na baba yake, macho mekundu, yakimsihi aseme hapana. Benedikta alimwona Nikolaus pembeni. Hakumtazama kwa kumlazimisha. Alikuwa ametazama mkeka, mikono magotini, akingoja.

"Sikujua, baba," alisema Benedikta.

Ilitoka nyepesi, haikumkwama hata kidogo.

Nikolaus aliinua kichwa. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kama wa mtu aliyeteremka nguzo akakuta ngazi haipo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Ni kweli, mzee. Hakujua. Nilimficha."

Yeye! Mtu aliyekataa kudanganya hata kwa kipande cha mkate. Benedikta akataka kupiga kelele, asipige.

"Ulimdanganya mtoto wangu," alisema mzee Limbu.

"Ndiyo, mzee."

"Ondoka."

Nikolaus alisimama. Alipofika mlangoni aligeuka, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee Limbu hakuitikia. Katika maisha yake yote Benedikta hakuwahi kumwona baba yake akiacha shikamoo ya mtu hewani, hata ya mlevi. Baiskeli ikasikika ikishuka barazani, ikaenda.

Na mambo hayakuishia hapo. Ingekuwa afadhali wangempiga. Wakamhurumia! Wakamzunguka, wakamshika mabega, "Pole, mwanetu, Mungu amekuepusha." Mzee Mahona akapendekeza washukuru. Wakapiga magoti wote kumshukuru Mungu kwa kumwokoa Benedikta na mwongo, na Benedikta akapiga magoti katikati yao, akaitikia amina. Aliitikia kwa mdomo wake mwenyewe. Aibu ilimpanda toka tumboni mpaka masikioni, akadhani watu wataiona inavyochemka. Hawakuona kitu. Walidhani analia kwa uchungu wa kudanganywa.

*

Juma zima alishona vibaya. Alipachika mkono wa kulia mahali pa kushoto, na Champaklal akamuuliza kama anaumwa. Kwa fundi mmoja wa reli aliyepita dukani alisikia kwamba Nikolaus ameomba kazi ya kutengeneza laini kule Tura, akakubaliwa mara moja, maana Tura hakuna anayetaka kwenda. Amekwisha ondoka.

Alipofika nyumbani alimkuta shangazi Kabula anachambua mchele uani. Shangazi hakuinua macho.

"Kaa hapa. Nataka kukuuliza. Unafikiri siku ile nilicheka kwa nini?"

"Si ulidhani anatania?"

"Mimi? Nimeishi na watani tangu sijavunja ungo, sijui utani ulivyo? Mtani akitania humtazama anayemtania. Yule alikutazama wewe. Na wewe uso wako ulikuwa majivu. Nikasema, eh, huyu mtoto anajua. Nikacheka nikufunike."

Benedikta akafunika uso kwa khanga.

"Nilikufunika kwa siku moja tu, ili upate nafasi umwambie baba yako mwenyewe," alisema Kabula. "Nikangoja. Jumamosi ile nikangoja tena. Ukasema hukujua. Nimekulea mimi, Benedikta. Nimekulea kwa mikono hii. Nilitamani niingie chini ya mkeka."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Nikuseme mbele za watu? Hilo ni lako." Akapuliza makapi, akamgeuzia mgongo. Hilo la mgongo lilimchoma kuliko maneno.

Jumapili jumuiya ilisali kwa mzee Mahona. Ilipofika wakati wa maombi ya kila mtu, mzee Limbu alisimama kwa shida. Alikuwa amekonda ndani ya siku chache.

"Tumwombee yule kijana mwongo," alisema, "aliyemlaghai mwanangu, Bwana amsamehe uongo wake."

"Tunakuomba utusikie," waliitikia.

Benedikta hakuitikia. Alijikuta amesimama, leso mkononi imenyongwa kama kamba.

"Baba, mwongo si yeye."

"Kaa chini, mama. Una uchungu."

"Sina uchungu, nina aibu! Nilijua, baba. Nilijua kabla hajakanyaga kwetu. Aliniambia siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze, mimi nilimwambia aungame kwa uongo, yeye akakataa kwa ajili yako. Alisema hawezi kukutazama usoni. Nikamwapia kwamba nitasema nilijua, na mliponiuliza nikamruka. Naye akanisetiri. Huo ndio uongo wake pekee. Mmeuombea msamaha, basi na mimi niombeeni wangu, maana wangu ni mwingi."

Mzee Mahona alitazama dari. Mama mwenye rozari alianza "Yesu na Maria," akaishia katikati. Hakuna aliyemshika bega mara hii, na Benedikta alishangaa kwamba ndiyo kwanza anapata hewa. Alilia mbele yao, uso wazi, bila kujificha.

Mzee Limbu alikuwa bado amesimama.

"Nimemwita mwongo," alisema polepole. "Ndani ya sala. Nikawaitikisha na watu." Akaketi, akasimama tena, akatafuta kofia yake iliyokuwa kwapani. "Tura kunafikika kwa treni ya kesho?"

*

Kutwa nzima ndani ya behewa mzee hakuzungumza ila mara moja, wakipita katikati ya msitu wa miombo.

"Usidhani nakubali ndoa. Sijasema ndoa. Nakwenda kwa deni langu na yule kijana, wewe nenda kwa lako."

"Ndiyo, baba."

Tura ni stesheni ndogo. Treni ikisimama, akina mama hukimbilia madirishani na chupa za asali na karanga za kuchemsha, ikiondoka, kila kitu kinatulia tena. Walimkuta Nikolaus kwenye kivuli cha ghala la stesheni, amekaa chini anasuka waya, suruali imetoboka goti moja na hakuna aliyeishona. Alipowaona alisimama ghafla, waya ukamtoka mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Mzee Limbu alivua kofia.

"Marahaba," alisema. "Hiyo ni ya siku ile ulipoondoka kwangu. Niliinyima, imenikaba juma zima. Sasa nisalimie ya leo."

Nikolaus akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuita mwongo mbele ya Mungu. Najua wewe humjui, lakini mimi namjua, na nimemkosea yeye na wewe pia. Nisamehe." Akavaa kofia, akaenda kukaa kwenye benchi la abiria, akawapa mgongo.

Wakabaki wawili. Benedikta alitazama lile goti.

"Usinitazame, Niko. Naona aibu."

"Hata mimi naona. Nilidanganya."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Na ukinirudisha pale pale mkekani, nitadanganya tena. Ndilo linalonitia aibu zaidi." Akapangusa vumbi gotini. "Uliniumiza, Bene. Sikutaka kusema, lakini uliniumiza sana."

"Najua. Sikuja kukuambia nina sababu. Sina. Nimewaambia wote, mbele ya jumuiya."

"Wamesema nini?"

"Hawajasema. Mahona alitazama dari."

Pembe ya mdomo wa Nikolaus ikacheza kidogo, ikatulia. Hakumshika mkono, na Benedikta hakuomba.

Mama mmoja muuza asali alikuwa amesimama karibu tangu mwanzo, kikapu kichwani, masikio yamesimama kama ya sungura. Wenzake wawili wakasogea nao, maana Tura habari hazipatikani kila siku.

"Binti," alisema yule mama, "huyu fundi wetu hazungumzi na mtu. Hata Jumapili hasali, tunamwona anakaa hapa na waya zake. Ni nani wako?"

Kwenye benchi, mgongo wa mzee Limbu ulikakamaa. Nikolaus aliinama haraka kuokota waya, ili asimtazame, ili asimlazimishe. Ndivyo alivyofanya siku ile pia. Benedikta alipanga sauti yake vizuri, ifike kwenye benchi, ifike na ng'ambo ya reli kama inaweza.

"Ni mchumba wangu," alisema. "Hasali. Nilijua tangu mwanzo."

Nikolaus alibaki ameinama, waya mkononi, mabega yakimtetemeka. Na kule kwenye benchi mzee Limbu hakugeuka. Alisogea kidogo tu upande mmoja, kisha kidogo tena, mpaka nafasi ya watu wawili ikapatikana.